Trei tatu za mayai yaliyolowekwa kwenye vidonge vya majira: tuzungumze homoni na kifaranga aliye ndani ya yai

Fundi Inkubeta (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu wanajukwaa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili limenikaa moyoni karibu mwezi mzima.

Mimi natotolesha mayai ya watu kwa malipo. Nina mashine moja ya mayai 528 hapa nyumbani Kibaha, na wateja wangu wengi ni akina mama wenye kuku kumi au ishirini wanaoleta trei moja moja. Mwezi uliopita kijana mmoja, mstaarabu tu, aliniletea trei tatu za mayai ya chotara, jumla mayai 90. Nilipoyapokea niliona maganda yana utando mweupe, kama chokaa iliyokaukia juu. Nikamuuliza kama ameyaosha. Akasema ameyafuta kwa kitambaa tu. Nikayapanga.

Siku ya saba nilipomulika, mayai 38 hayakuwa na mishipa, nikayatoa. Siku ya 14 chumba kikaanza kunuka, na yai viza moja likapasuka ndani ya mashine likachafua mayai ya wateja wengine wawili. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 31. Nikampigia simu yule kijana, ndipo akanieleza ukweli. Kuna sauti inazunguka kwenye kundi lao la WhatsApp la wafugaji, inafundisha kusaga vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango, kuvikoroga kwenye maji baridi, kisha kuloweka mayai yakiwa bado na uvuguvugu, usiku kucha, "ili yatoke mitetea watupu".

Mayai 21 yaliyobaki niliyapasua moja moja juu ya gazeti. Lile lililopasuka ndani ya mashine na mengine mengi yalikuwa yameoza, yana maji meusi. Matano yalikuwa na kifaranga aliyekamilika manyoya lakini kiini hakijaingia tumboni. Mmoja mdomo wake wa juu ulipinda pembeni, haukutani na wa chini. Nilimkalisha huyo kiganjani muda mrefu.

Sasa sikilizeni, siwezi kusimama mbele yenu niseme vidonge ndivyo vilivyompinda mdomo yule. Kuloweka peke yake kunatosha kuua. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Ukilitia yai la moto kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na yai linavuta maji pamoja na bakteria wote waliomo. Makampuni makubwa ya kutotolesha yameitumia njia hiyo hiyo kwa makusudi, kuingiza antibayotiki ndani ya yai dhidi ya mikoplasma, bakteria wanaougua kuku, lakini wao wanafanya kwa dawa safi na vipimo. Ndoo ya nyuma ya banda ni habari nyingine kabisa.

Lakini swali halikuniacha: homoni ikishapita kwenye ganda, inamfanya nini kiinitete, yaani kifaranga anayejengwa ndani ya yai? Nikaanza kusoma, na kilichonishtua zaidi ni habari ya insulini.

Insulini ni homoni, ile ile wanayojichoma wagonjwa wa kisukari. Miaka ya 1940 mtafiti aitwaye Walter Landauer, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Storrs, Connecticut, Marekani, alikuwa amezama kwenye suala la kuku wanaozaliwa bila mkia kwa kurithi. Akachukua mayai ya kuku wa kawaida, wenye mikia yao kamili, akayadunga insulini. Yale aliyoyadunga baada ya kukaa kwenye joto kama saa 24 yalitoa vifaranga wasio na mkia. Mifupa ya mwisho ya uti wa mgongo haikujengwa. Alipoichelewesha sindano mpaka siku ya tano hivi, mkia ukatoka salama, lakini miguu ikawa mifupi na mdomo wa juu ukajikunja kama wa kasuku. Matokeo ya mkia aliyachapisha mwaka 1945.

Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni siku. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka sita ya kutotolesha haikunifundisha. Kifaranga anajengwa kwa ratiba. Moyo unaanza kupiga siku ya pili. Vichipukizi vya miguu na mabawa vinaonekana siku ya tatu. Siku ya sita hivi viungo vya uzazi ndivyo vinaanza kushika njia ya kike au ya kiume. Ni kama kujenga nyumba: msingi ukikosewa siku ya msingi, huwezi kuurudia ukiwa umeshapaua. Na homoni ndiyo sauti ya msimamizi pale kwenye ujenzi. Ukipeleka sauti ya pili inayotoa amri siku isiyo yake, mafundi wataitii.

Landauer aliona jambo lingine pia. Alipoingiza insulini pamoja na nikotinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, vilema vilipungua. Maana yake insulini ilikuwa inavuruga namna seli zinavyotumia chakula chake, na zile seli zilizokuwa kwenye kazi nzito siku hiyo ndizo zilizoumia.

Nimeleta huku kwa sababu ile sauti bado inazunguka. Wataalamu wa jukwaa, hasa Bwana Mifugo, naomba mtusaidie upande wa homoni za jinsia.

Mama Vifaranga

Pole sana Fundi. Hasara ya mayai ya wateja wengine naijua inavyouma.

Naomba niulize bila kuficha. Jirani yangu alifanya hivyo hivyo, akatotolesha kwa kuku wake mwenyewe, si mashine. Walitoka kumi, saba ni mitetea. Hiyo tuiite nini?

Fundi Inkubeta

Dada yangu, hiyo tuiite bahati. Kila yai lina nafasi nusu kwa nusu. Ukichukua makundi mia moja ya vifaranga kumi kumi ambao hawajaguswa na dawa yoyote, kama makundi 17 yatakuwa na mitetea saba au zaidi. Jirani akipata saba anarekodi sauti na kuisambaza. Anayepata watatu ananyamaza.

Kijana wa Tandika

Mimi nilifundishwa na bibi kwamba yai lenye ncha kali ni jogoo, la mviringo ni mtetea. Na wengine wanasema joto likizidi kwenye mashine wanatoka majogoo. Yote ni uongo?

Fundi Inkubeta

Ya joto ni kweli kwa mamba na kasa, siyo kwa kuku. Kwa kuku joto likizidi unaua tu. Ya ncha nimeijaribu mwenyewe mara nne, nikiyatenga kwenye trei tofauti, sikuona kitu. Umbo la yai linatoka kwenye mrija wa mama.

Bwana Mifugo Moro

Nimeuona uzi jana usiku, nimeona niandike vizuri leo asubuhi nikiwa nimetulia.

Tuanze na msingi. Kwa binadamu, mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Kwa ndege ni kinyume: jike ana Z na W, dume ana Z mbili. Maana yake jinsia ya kifaranga inaamuliwa upande wa mama, kabla hata yai halijavishwa ganda. Yai linapofika mkononi mwako, jambo hilo limekwisha. Kwenye Z kuna jeni iitwayo DMRT1. Dozi mbili za jeni hiyo zinaelekeza kujengwa kwa korodani. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walipunguza nguvu ya jeni hiyo ndani ya viinitete vya kiume vya kuku, na korodani zikaanza kujengwa kwa sura ya ovari, kiungo cha jike cha kutengeneza mayai.

Sasa estrojeni, homoni ya kike, inaingia wapi? Kiinitete jike kinapofika kama siku ya sita kinaanza kutengeneza kimeng'enya kinachoitwa aromatasi, ambacho kinageuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Estrojeni hiyo ndiyo inayojenga ovari. Kwa kuku ovari inayokua ni ya kushoto peke yake, na mrija wa mayai ni wa kushoto peke yake. Wa kulia unaanza kuchipua halafu unafutika. Ukimpasua kifaranga jike wa siku moja aliyekufa, sogeza utumbo taratibu, utaona kipande kimoja bapa chenye rangi ya krimu upande wa kushoto, juu ya figo. Kifaranga dume ana punje mbili kama mchele mdogo, kila upande moja. Wanafunzi wangu nawaonyesha hivyo kila mwaka na kila mwaka kuna anayeshangaa.

Kwa hiyo yule aliyerekodi sauti ana chembe ya ukweli, na ndiyo maana inawashika watu. Tangu miaka ya 1930, Étienne Wolff kule Strasbourg, Ufaransa, alidunga homoni ya kike kwenye mayai ya kuku na viinitete vya kiume vikatoka na viungo vilivyochanganyika. Mwaka 1992 wakafanya kinyume: Elbrecht na Smith walizuia aromatasi kwa dawa iitwayo fadrozoli, na vifaranga waliokuwa jike kwa kromosomu wakakua na korodani na sura ya jogoo. Mlango upo, sikatai.

Tatizo ni kinachopita kwenye mlango huo. Kiinitete dume kikimwagiwa estrojeni hakigeuki mtetea. Kinakuwa huntha, nusu dume nusu jike. Korodani ya kushoto inapata ganda la tishu ya ovari juu yake, ya kulia inasinyaa au inabaki korodani. Mirija ya mayai ambayo ilipaswa kufutika inabaki. Halafu, na hili ndilo wafugaji hawaambiwi, baada ya kutotolewa homoni ya nje inaisha, na kwa muda ile tezi inaanza kurudi kuelekea korodani. Kromosomu bado ni Z mbili. Umelisha ndege miezi mitano ukisubiri yai la kuku ambaye hatataga.

Na wale waliokuwa mitetea halisi wanaharibika pia. Estrojeni ya ziada inauacha mrija wa kulia usifutike. Unabaki kama mfuko usio na njia, unaweza kujaa maji. Wa kushoto unaweza kutoka mfupi. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha mwaka 2006 kwamba kuku jike aliyeguswa na aina moja ya DDT, dawa ya kuua wadudu, yenye tabia ya estrojeni akiwa bado ndani ya yai, akija kutaga anataga mayai yenye ganda jembamba. Sehemu ya mrija inayotengeneza ganda haikupangwa sawa tangu utotoni, na kimeng'enya kinachosaidia kuweka chokaa kilipungua mahali pake. Kuku huyo kwa nje ni mzima, mwenye afya, upanga mwekundu. Kasoro unaikuta kwenye trei.

Mzee wa Kware

Salamu kutoka Nakuru. Mimi nilikuwa kwenye kware tangu ile homa ya kware ya Kenya ya mwaka 2013 na 2014, na sikuiacha watu walipoiacha. Nataka kuuliza kipimo. Kidonge kimoja ni kitu kidogo sana, na hata mayai yakilowekwa, kinachoingia ni chembe. Chembe hiyo inatosha kweli?

Bwana Mifugo Moro

Swali zuri mzee wangu, na umelileta ukiwa na ndege wenyewe. Kware wa Kijapani ndiye anayetumika sana maabara kwa sababu anatotolewa kwa siku 16 au 17 na ni mwepesi kuathirika kuliko kuku.

Vidonge vingi vya majira vya kawaida vina mikrogramu 30 za ethinili-estradioli, estrojeni ya kutengenezwa. Kipimo cha nanogramu 20 kwa kila gramu ya yai kinatosha kumvuruga kware dume ndani ya yai. Mikrogramu 30 ni nanogramu 30,000. Yai la kware lina gramu kumi au kumi na mbili. Piga hesabu: kidonge kimoja kingetosha mayai zaidi ya 100 kama kingeingia chote. Hakiingii chote, ni kweli, na kuku anahitaji zaidi ya kware. Lakini anayeloweka hajui kimeingia kiasi gani, yai hili limevuta tone na jirani yake limevuta matone matano. Huwezi kuita hiyo dozi.

Na hawa kware dume wakikua, hata kama wanaonekana wazima, hamu ya kupanda jike inapungua. Ubongo nao ulikuwa unajengwa siku zile. Mayai yatakuwepo, mbegu hakuna.

Mzee wa Kware

Nimekuelewa daktari. Asante.

Binti Saumu

Mimi si mfugaji, nimefika hapa kwa sababu dada yangu kanitumia. Natumia majira mwaka wa tatu. Nimesoma haya nikaogopa. Naharibu kizazi changu?

Bwana Mifugo Moro

Hapana mdogo wangu, usiogope wala usiache dawa kwa sababu ya uzi wa kuku. Wewe ni mtu mzima, mwili wako umeshajengwa, na dozi imepimwa kwa ajili yako. Hata wanawake waliomeza vidonge hivi bila kujua kwamba wameshika mimba, watoto wao hawajaonekana kuzaliwa na kasoro zaidi ya wengine. Ukiwa na wasiwasi mwingine wowote nenda kliniki ya uzazi wa mpango wakuangalie.

Ila nisikufiche historia, kwa sababu ipo. Kulikuwa na homoni ya kutengenezwa, DES, iliyopewa wajawazito kwa miaka mingi kuzuia mimba kutoka. Mwaka 1971 madaktari wa Boston waligundua saratani adimu ya uke kwa wasichana ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito. Hiyo ni dawa tofauti, yenye nguvu, na ilitolewa mimba ikiwa inaendelea. Imeachwa kwa matumizi hayo.

Kijana wa Tandika

DES si ndiyo waliyokuwa wanawapa broila? Mtaani kila mtu anasema broila wanapewa homoni, ndiyo maana wanakua wiki sita.

Bwana Mifugo Moro

Waliwapa, Marekani, miaka ya 1940 na 1950. Walichomeka kidonge chini ya ngozi ya shingo ya jogoo ili anenepe na awe laini. Wafugaji wa mnyama anayeitwa minki, anayefugwa kwa manyoya, wakawa wanawalisha wanyama wao vichwa vya kuku kutoka machinjioni, na minki wakaacha kuzaa. Dawa ilikuwa imebaki shingoni. Mwaka 1959 DES ikaondolewa kwenye kuku.

Broila wa leo anakua wiki sita kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miaka zaidi ya 60, pamoja na chakula. Mchukue kifaranga wa kienyeji mpe chakula kile kile uone kama atafika kilo mbili. Matumizi mabaya ya dawa kwenye mabanda yetu yapo, antibayotiki hasa, na hilo linastahili uzi wake. Lakini sindano ya homoni kila siku kwa vifaranga elfu mbili, nani anaimudu?

Mwanakilifi

Fundi, umenigusa. Nilisomea mambo ya mazingira na hadithi hii ya estrojeni kwenye yai niliifahamu kwanza kwa shakwe, wale ndege weupe wa pwani.

Miaka ya 1970, kisiwa cha Santa Barbara nje ya California, watafiti waliona viota vya shakwe vyenye mayai manne, matano, hata sita, wakati kawaida ni matatu. Walipochunguza wakakuta majike mawili wamejenga kiota kimoja. Madume walikuwa haba. Pwani ile ilikuwa imepokea DDT ya kiwanda kwa miaka mingi kupitia mabomba ya maji taka ya Los Angeles, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwenye ndege.

Mwaka 1981 Michael Fry na Charles Toone wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaenda kwenye mayai yenyewe. Walichukua mayai ya shakwe kutoka sehemu safi wakayadunga DDT ya aina ile inayofanya kazi kama estrojeni, kwa viwango vinavyolingana na vile vilivyokuwa vimepimwa kwenye mayai ya ndege wa bahari wa pwani ile. Viinitete dume vikaota tishu ya ovari kwenye korodani na mirija ya mayai. Ndiyo yale yale aliyoeleza Bwana Mifugo, ila hapa hakuna aliyekusudia kubadili jinsia ya ndege yeyote. Mama alikula samaki tu.

Msichanganye na lile lingine la DDT mnalolisikia zaidi, la maganda kuvunjika. Lile linampata mama akiwa mkubwa: mabaki ya DDT yanazuia chokaa kufika kwenye ganda, na anapolalia mayai yanapasuka chini yake. Kisiwa cha Anacapa, pwani hiyo hiyo, mwaka 1970, ndege waitwao mwari walijaribu kuzaa zaidi ya mara 500 na kifaranga mmoja tu akapatikana. Marekani ikapiga marufuku mwaka 1972.

Na hili halijatuacha huku kwetu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT kupulizwa ndani ya nyumba dhidi ya mbu wa malaria. Malaria inaua watoto wetu, sibishi. Lakini kule Limpopo, Afrika Kusini, mayai ya kuku wanaozurura kwenye nyumba zilizopuliziwa yalikutwa na DDT. Kuku anadonoa vumbi la ukutani, anakula wadudu waliokufa, na mafuta yote yanakwenda kwenye kiini.

Fundi Inkubeta

Mwanakilifi, hapo kwenye kiini ndipo pananifikirisha. Nilikuwa najua kiini ni chakula. Kumbe ni barua pia kutoka kwa mama.

Mwanakilifi

Ni kweli kabisa. Hubert Schwabl alionyesha mwaka 1993 kwamba ndege aina ya kanari anaweka testosteroni, homoni ya kiume, ya mwili wake mwenyewe ndani ya kiini, na yai la mwisho kutagwa lina zaidi kuliko la kwanza. Kifaranga wa mwisho, ambaye angezidiwa na kaka zake, anatoka na nguvu zaidi ya kuomba chakula. Mama anapima. Kwa hiyo homoni ndani ya yai si sumu kwa yenyewe, ni kiasi na siku.

Mama Vifaranga

Basi na mimi nina swali. Mwaka jana nilipata vifaranga vinne miguu mifupi, vidole vimejikunja ndani. Sikuloweka chochote. Ni homoni za wapi hizo?

Bwana Mifugo Moro

Huenda si homoni hata kidogo, dada. Vidole kujikunja ndani, angalia kwanza vitamini B2 kwenye chakula cha mitetea wako. Miguu mifupi na mdomo wa kasuku, angalia madini ya manganizi. Kesterson, California, mwaka 1983, ndege wa majini walikutwa na vifaranga wasio na macho, wengine bila miguu, na chanzo kilikuwa madini ya seleniamu kwenye maji ya mashamba. Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini, ndege waitwao minandi walitotoa vifaranga wenye midomo iliyopishana kwa kemikali za viwandani, jamii ya PCB. Kiinitete kina njia chache za kulia, vitu vingi vinamliza kwa sauti inayofanana. Ndiyo maana nimempenda Fundi alipokataa kusema vidonge vilimpinda mdomo yule mmoja.

Wapi unanunua chakula, na wanataga wakiwa wanakula pumba tupu?

Mama Vifaranga

Pumba na dagaa kidogo. Nitabadilisha.

Kijana wa Tandika

Sawa, tumeelewa tusiloweke. Lakini mfugaji anataka mitetea, jogoo hamlipi. Afanye nini?

Fundi Inkubeta

Kama unataka mayai, nunua vifaranga wa kutaga waliokwisha kutenganishwa. Aina nyingi za kuku wa mayai wa kahawia zinajulikana kwa rangi siku ile ile ya kutotolewa, mtetea kahawia na jogoo wa njano. Wengine wanatenganishwa kwa manyoya ya bawa. Chotara lea wote, majogoo uza wakifika kilo na nusu, ukilenga Krismasi na Idi. Mimi mwenyewe jogoo ndio waliolipa mafuta ya jenereta mwaka huu.

Ujerumani imepiga marufuku kuua vifaranga dume tangu Januari 2022, kwa hiyo wenzetu wanatafuta jinsia ndani ya yai. Njia mojawapo: siku ya tisa wanatoboa kitundu kwa mwanga wa leza, wanatoa tone la maji ya yai na kupima homoni ya kike. Ikiwepo ni mtetea. Wao wanaisoma homoni aliyoitengeneza kifaranga mwenyewe, hawamwongezei.

Mwanakilifi

Na dawa za viroboto na utitiri: msipulize banda wakati mayai yako ndani ya kiota. Toa mayai kwanza, puliza, acha pakauke.

Binti Saumu

Yule kijana mwenye mayai yuko wapi sasa? Alikasirika?

Fundi Inkubeta

Hakukasirika, alilia. Alikuwa amekopa ya kununulia yale mayai. Nimemrudishia hela ya kutotolesha, na ile sauti amekubali kuijibu kwa sauti yake mwenyewe kwenye kundi lao, ameeleza idadi zote: 90, 38, 21, 31. Wateja wawili waliochafuliwa mayai nimewatotoleshea upya bure.

Kwa sasa kila anayeleta mayai namwuliza mambo matatu kabla sijapokea: yameoshwa, yamelowekwa, banda limepuliziwa lini. Naandika kwenye daftari mbele yake.

Wale vifaranga 31 tumekubaliana wabaki kwangu. Nimewafunga pete ya bluu mguuni, wanakula chakula kimoja na wenzao 31 wa trei ya mama mmoja wa Mlandizi ambao hawakuguswa na kitu, hao nimewafunga nyeupe. Wiki ya nane Bwana Mifugo ameahidi kupita. Wakianza kutaga nitapima unene wa maganda, bluu na nyeupe, nilete mrejesho hapa hapa.

Bwana Mifugo Moro

Nakuja Jumamosi ya tarehe uliyonipa. Akifa yeyote kabla ya hapo usimtupe, mweke kwenye friza na umwandikie pete yake.